Kuliomba Bunge Dawa ya Bangi: Mwongozo kwa Wakazi wa Meru na Embu

Mkazi wa Meru au Embu anayetaka wagonjwa wapate dawa za bangi kihalali ana haki ya kuliomba Bunge moja kwa moja. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 119 cha Katiba, na haimtaki awe na wakili wala chama. Inamtaka ajue anachoomba, na akiombe kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Hilo la kwanza ndilo lililotusumbua Kenya. Mwaka 2017 Gwada Ogot alipeleka ombi Seneti akitaka bangi ihalalishwe. Mwaka 2018 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akaanza kuandaa mswada wa kuondoa adhabu, kusajili wakulima na watumiaji, na kutoza kodi. Okoth alifariki Julai 2019, na mswada wake haukuwa sheria. Kisha ukaja uchaguzi wa 2022, mgombea urais George Wajackoyah akazunguka nchi akisema bangi ingeuzwa ng'ambo ilipe madeni ya taifa. Watu walishangilia na wengine wakakasirika, lakini mama anayetapika usiku kucha baada ya kutiwa dawa ya saratani hakutajwa. Mjadala ukawa wa vijana, madeni na mashamba.

Kwa hiyo ombi lenu liwe jembamba. Liseme hivi: tunaomba sheria itakayoruhusu maduka ya dawa yaliyosajiliwa yapewe leseni ya kutoa dawa za bangi kwa mgonjwa mwenye maagizo ya daktari. Msiongeze kuvuta kwa starehe, msiongeze kilimo, na msiongeze msamaha kwa wafungwa, hata kama mnaamini hayo yote. Kila neno la ziada ni sababu mpya ya mbunge kukataa.

Onyesheni pia kwamba Kenya tayari inafanya jambo la namna hii. Mofini ni dawa ya kulevya, na imo chini ya Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya 1994, ileile inayompeleka jela mwenye msokoto wa bangi. Hata hivyo mgonjwa wa saratani anayehudumiwa na Meru Hospice anaweza kupewa mofini ya maji kwa maagizo ya daktari, na hakuna askari atakayemgusa. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinamwacha huru aliyepewa dawa kwa matibabu. Mlango upo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuipitisha dawa ya bangi mlangoni humo: nani aiandike, nani aiuze, itoke wapi, na ihesabiwe vipi. Mwambieni mheshimiwa wenu kwamba mnaomba utaratibu huo, na muutaje kwa mambo yake. Dawa iwe matone, mafuta au vidonge vyenye kipimo kinachojulikana, isiwe majani ya kuvuta. Duka liwe limesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na liwe na daftari la kila chupa inayoingia na kutoka. Na leseni zifike kaunti. Mgonjwa wa Ishiara au Maua asilazimike kupanda gari hadi Nairobi kufuata chupa moja.

Katika hoja za tiba, semeni yaliyothibitishwa tu. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji inayotokana na bangi, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Ziko dawa za jamii hiyo zinazotumika nje dhidi ya kichefuchefu cha tiba ya saratani, na dhidi ya kukakamaa kwa misuli kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Tarehe 2 Desemba 2020, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika orodha ya mihadarati hatari isiyodhaniwa kuwa na faida kubwa ya tiba. Hizo zinatosha. Mtu akisimama kwenye kikao akasema bangi inaponya saratani, ameliua ombi, na amewadanganya wagonjwa, jambo lililo baya zaidi. Yatajeni madhara pia kabla hamjaulizwa: inaweza kuvuruga akili, hasa ya kijana, haimfai mama mjamzito, na haifai kwa anayeendesha gari. Kamati humwamini anayekubali ukweli wa upande wa pili.

Mwangalie pia nchi nyingine za Afrika, maana hapo pana mtego. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, na Rwanda ikaweka kanuni zake 2021. Lakini mipango hiyo ililenga zaidi soko la nje. Rwanda ilisema wazi kwamba zao ni la kuuzwa ng'ambo. Sheria ya aina hiyo ikiletwa Kenya, shamba litapata leseni na mgonjwa wa Runyenjes atabaki alipo. Ombi lenu limtaje mgonjwa wa hapa nchini kwa maneno yasiyopindika.

Sasa karatasi yenyewe. Sheria ya Utaratibu wa Kuwasilisha Maombi Bungeni ya 2012 inaruhusu ombi liandikwe kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Andikeni kwa Kiswahili kama ndicho mnachokimudu. Hakuna karani mwenye ruhusa ya kulikataa kwa sababu hiyo. Lugha iwe ya heshima, pasiwe na maneno yaliyokatwa wala kuchomekwa juu ya mstari, na kama kurasa ni zaidi ya moja, kila ukurasa utaje jambo linaloombwa. Mwisho liseme waziwazi mnataka Bunge lifanye nini. Kila mwombaji aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha atie sahihi au alama ya kidole papo hapo kwenye karatasi. Sahihi zilizokusanywa mahali pengine kisha zikabandikwa hazikubaliwi.

Masharti mawili huwaangusha wengi. La kwanza, ombi lazima liseme kama mmekwisha kuiendea ofisi husika na ilijibu nini. Kwa hiyo kabla ya Bunge, andikieni Wizara ya Afya na Bodi ya Famasia na Sumu, pelekeni barua kwa mkono mkiweza, na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, kimya chao nacho kinaandikwa. La pili, lazima mseme kama jambo hilo liko mahakamani. Jamii ya Warastafari ilifungua kesi ya bangi katika Mahakama Kuu mwaka 2021. Ulizieni masjala imefikia wapi, na mweleze kwamba wao wanadai haki ya ibada, ilhali ninyi mnaomba dawa.

Jambo jingine: ombi haliruhusiwi kuambatanishwa na barua wala kiapo. Barua ya daktari na picha za hospitali ziwekeni kando hadi siku kamati itakapowaita.

Hapa naomba mtulie, kwa sababu mtu anaweza kuumia. Ombi likifika Bungeni ni waraka wa umma, na lina nambari za vitambulisho. Mgonjwa ambaye tayari anatumia bangi kwa siri asiandike hivyo, asikiri kwenye kikao, na asibebe chochote mfukoni kwa nia ya kuonyesha. Kupatikana nayo bado ni kosa. Aeleze ugonjwa wake, dawa alizopewa hospitalini na mahali ziliposhindwa, kisha aseme anaomba dawa gani. Asiyetaka ugonjwa wake ujulikane kijijini asitie sahihi kabisa. Atiwe moyo kusaidia kwa njia nyingine, na asishinikizwe na jamaa wala mchungaji.

Nani wa kuonwa? Meru ina wabunge tisa wa maeneo bunge na Embu ina wanne, na kila kaunti ina seneta na mwakilishi wa wanawake. Mimi ningeanza na seneta. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vituo vya afya na maduka ya dawa, na pia udhibiti wa dawa za kulevya, kwa hiyo mswada huu unazigusa kaunti na Seneti haiwezi kurukwa. Kanuni za Seneti zinaipa kamati siku 60 za kujibu ombi. Mwakilishi wadi naye asidharauliwe: bunge la kaunti haliwezi kufuta sheria ya jinai ya taifa, lakini hoja iliyopitishwa Meru au Embu ya kuunga mkono dawa kwa wagonjwa itamwondolea seneta woga wa kusimama peke yake. Waoneni wazee wa Njuri Ncheke na wazee wa Embu, na wachungaji, mapema, kabla hawajasikia habari iliyopotoshwa. Nendeni na muuguzi wa wagonjwa mahututi. Huyo amekaa na familia zao na anajua maumivu yanavyowamaliza watu.

Watu wa Embu wanajua nguvu ya maandishi. Mei 2024 Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, na Kilifi ikafuata, amri ya kusimamisha marufuku hiyo kwa muda ilitoka katika mahakama ya Embu. Mkulima wa Mbeere alikuwa na pa kusimama kwa sababu miraa imetajwa katika Sheria ya Mazao na ina kanuni zake za 2023. Mtaulizwa, bila shaka, kama bangi nayo itapandwa kando ya muguka, hasa kwa kuwa mwaka 1999 uchunguzi wa angani wa Shirika la Wanyamapori uliona mashamba ya bangi ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Jibuni kwamba ombi hili halihusu kilimo, na mrudi kwa mgonjwa.

Mkishapeleka ombi kwa Karani, ana siku saba za kukagua kama limetimiza masharti. Likirudishwa, rekebisheni lililotajwa na mlipeleke tena. Kurudishwa kwa kasoro ya maandishi si kukataliwa. Kamati ikiwaita, chagueni wasemaji watatu: mgonjwa au mlezi wake, daktari au mfamasia, na mmoja anayeijua sheria. Kila mmoja aseme kwa ufupi na aache nakala ya maneno yake. Ripoti ikitoka, hata kama haikuwapendelea, ipelekeni kwa mbunge aliye tayari kudhamini mswada, kwa kuwa ndani yake mtakuta maswali yote ambayo mswada huo utapaswa kuyajibu. Msimtegemee mmoja tu. Tafuteni wadhamini wawili au watatu, kutoka vyama tofauti ikiwezekana, na nakala za kila waraka zikae kwa watu zaidi ya mmoja, Meru na Embu.