Kufundisha Uchoyo na Ukarimu kwa Mfano wa Wawindaji

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, mwanachuo alifundisha Darasa la Tano somo la maadili juu ya uchoyo na ukarimu. Andalio la somo nililipitia mimi mwenyewe na kulitia sahihi. Alisimulia kisa cha mwindaji aliyemficha swala wake kichakani ili asigawane nyama na jirani zake. Kisha aliuliza maswali, nao wanafunzi wakajibu kwa sauti moja kwamba uchoyo ni tabia mbaya. Mwishoni akauliza swali ambalo nalo lilikuwamo katika andalio: "Je, katika darasa letu mchoyo ni nani?" Vidole vyote vikaelekezwa kwa msichana mmoja aliyeketi dawati la nyuma. Ilisemekana kwamba wakati wa mapumziko hujitenga na wenzake na kula muhogo wake peke yake.

Baada ya kipindi, mwalimu wa darasa alitueleza kwamba muhogo ule msichana yule hauli. Humpelekea mdogo wake aliye Darasa la Kwanza, na wawili hao hawana chakula kingine mpaka jioni.

Kosa lile lilikuwa langu kabla ya kuwa la mwanachuo. Tulikuwa tumefundisha ukarimu kana kwamba ni kitu kinachokaa ndani ya moyo wa mtu mmoja na kukosekana ndani ya moyo wa mwingine, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuwatenga wenye nacho na wasio nacho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mfano wa wawindaji, ukichunguzwa vizuri, unatufundisha jambo tofauti kabisa. Aidha, yanapendekeza somo la vipindi viwili ambalo mwalimu anaweza kuliendesha bila zana za gharama.

Wawindaji wanatufundisha nini?

Wanafunzi wa Mpwapwa hawana haja ya kuelezwa digidigi ni mnyama gani, wala tandala. Hata hivyo, wengi wao ni watoto wa wakulima na wafugaji, na kuwinda kwao ni habari inayosimuliwa na wazee tu. Kwa hiyo yafaa tuchukue mfano wa jamii ambayo uwindaji ndio uliokuwa nguzo ya maisha yake, nao ni Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya nyanda hizi za kati. Idadi yao ni watu elfu moja na ushei. Maisha yao yamechunguzwa kwa miaka mingi na wataalamu kama James Woodburn, aliyeanza kuishi nao miaka ya mwisho ya 1950, na Frank Marlowe, ambaye kitabu chake juu yao kilitolewa mwaka 2010.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni bahati. Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya hesabu ya uwindaji wa Wahadzabe katika miaka ya 1980, waliona kwamba mwindaji mmoja hupata mnyama mkubwa kwa wastani mara moja tu kwa kila siku 29 hivi. Hata fundi wa upinde hurudi mikono mitupu siku baada ya siku. Lakini siku anapompata pofu, ambaye dume lake kubwa huweza kuzidi kilo 500 akiwa hai, nyama ni nyingi kupita uwezo wa jamaa yake kuimaliza kabla haijaoza. Kambi yenye wawindaji kumi, kwa hesabu hiyo hiyo, itapata mnyama mkubwa kila baada ya siku tatu hivi. Anayegawa leo, kesho hugawiwa.

Jambo la pili ni desturi. Woodburn, katika makala yake ya mwaka 1982, anaeleza kwamba mwindaji aliyempiga mnyama mkubwa hatakiwi kujigamba. Hurudi kambini, akaketi kimya pamoja na wanaume wenzake, akauacha mshale wenye damu useme kwa niaba yake. Nyama hugawiwa watu wote wa kambi, na aliyeua hana uwezo wa kuwanyima. Miongoni mwa wawindaji wa Kalahari, kusini mwa Afrika, desturi ni nyingine lakini shabaha ni ile ile. Huko mwenye mnyama huhesabiwa kuwa ni yule mwenye mshale uliomwua. Kwa kuwa wanaume huazimana mishale, mwenye kugawa nyama mara nyingi si yule aliyepiga.

Jambo la tatu ndilo ambalo mwalimu hana budi kulisema wazi, asije akawageuza Wahadzabe kuwa malaika. Sehemu fulani za mnyama mkubwa, ziitwazo epeme, ni za wanaume watu wazima peke yao. Huliwa kwa siri, na wanawake na watoto hawaruhusiwi kuziona. Mnyama mdogo au asali huweza kuliwa huko huko porini kabla ya mtu kurudi kambini. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana mwindaji hupata faida gani. Hawkes alisisitiza sifa anayoipata mbele ya watu, ilhali Marlowe na wenzake walionyesha kwamba jamaa ya mwindaji hupata fungu kubwa kidogo kuliko wengine.

Kuna jaribio moja linalostahili kufikiriwa sana na walimu. Katika uchunguzi uliofanywa katika jamii 15 za mabara mbalimbali, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2001, watu walipewa fedha na kutakiwa kumgawia mtu wasiyemjua, naye asiwajue. Yule mwingine akikataa fungu alilogawiwa, wote wawili hukosa. Wahadzabe, wanaojulikana kwa kugawana nyama, walitoa wastani wa theluthi moja tu, na mafungu madogo yalikataliwa mara nyingi. Kumbe mtu yule yule anayegawa bila manung'uniko mbele ya kambi nzima, akiwekwa mahali ambapo haonekani, hushika zaidi fungu lake. Je, tumwite mkarimu au mchoyo?

Jibu lilianza kupatikana baadaye. Mwaka 2012 Coren Apicella na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika kambi 17 za Wahadzabe. Kila mtu mzima alipewa mirija minne ya asali. Angeweza kuiweka yote, au kutoa kiasi apendacho katika akiba ya kambi, ambayo ingeongezwa mara tatu na kugawiwa wote sawasawa. Ilionekana kwamba wenye kutoa wanakaa pamoja na wenye kutoa, na wenye kushika pamoja na wenye kushika. Jaribio lilirudiwa kwa miaka kadhaa, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba watu walipohama kambi, kama ilivyo desturi yao, kiasi walichotoa kilifuata mwenendo wa kambi mpya kuliko mwenendo wao wenyewe wa zamani.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii ni kweli, ila mfano wa wawindaji unatutaka tuongeze kwamba moyo wenyewe hulelewa na kambi. Kwa mwalimu, kambi ni darasa. Basi badala ya kuuliza mchoyo ni nani, aulize darasa lake lina utaratibu gani.

Shabaha za somo

Mwisho wa vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, wanafunzi waweze: (a) kueleza kwa hesabu faida ya kugawana pale ambapo mapato ni ya bahati, (b) kutaja desturi mbili zinazomsaidia mtu kuwa mkarimu, na (c) kupendekeza utaratibu mmoja wa kugawana unaofaa darasani mwao.

Zana

Kila kambi ya wanafunzi sita ihitaji kopo moja, karatasi ndogo sita zilizokunjwa, moja ikiwa na alama ya mnyama, na punje zipatazo 150 za mahindi au maharage. Punje zisiwe chakula cha kuliwa wakati wa somo. Nitaeleza sababu baadaye.

Hatua ya kwanza: kila mtu na lake

Kila mwindaji huchomoa karatasi, huitazama na kuirudisha koponi kabla ya mwenzake kuchomoa. Anayepata alama hupewa punje 12. Punje moja ni chakula cha mtu mmoja kwa siku moja, na nyama hudumu siku mbili tu. Katika mchezo wa kwanza aliyeua hula peke yake: punje moja leo, moja kesho, na kumi zilizosalia huoza na kurudishwa kwa mwalimu. Mchezo huendelea kwa siku kumi. Katibu wa kambi huandika siku za njaa za kila mtu.

Hatua ya pili: nyama ya kambi

Mchezo hurudiwa kwa siku kumi nyingine, lakini kila mnyama hugawiwa punje mbili mbili kwa watu wote sita. Siku za njaa huandikwa tena.

Kwa hesabu za uwezekano, katika mchezo wa kwanza kambi itakuwa na siku za njaa 42 hivi kati ya siku 60, maana yake watu sita mara siku kumi. Katika mchezo wa pili zitakuwa 8 hivi. Bahati ya kambi moja yaweza kupotoka sana, kwa hiyo mwalimu ajumlishe matokeo ya kambi zote ubaoni. Ajiepushe kutoa jibu kabla. Wanafunzi wajionee wenyewe kwamba wanyama waliouawa hawakuongezeka, wala wawindaji hawakuwa hodari zaidi, bali kilichobadilika ni utaratibu peke yake.

Hatua ya tatu: nyama iliyofichwa

Katika kipindi cha pili, kila mwindaji huchomoa karatasi kwa siri, na mwalimu peke yake huiona na kumpa punje ndani ya karatasi iliyokunjwa. Wasiopata hupewa karatasi tupu iliyokunjwa vivyo hivyo. Mwenye punje huamua mwenyewe atangaze ngapi. Baada ya siku tano, mwalimu hutangaza jumla ya punje alizotoa na jumla ya zilizotangazwa, bila kutaja jina la mtu yeyote. Hapa ndipo penye moyo wa somo. Majadiliano yaongozwe na maswali kama haya: Kwa nini tulificha? Je, aliyeficha amebadilika tabia tangu jana? Tufanye nini ili kugawana kuwe kwepesi na kuficha kuwe kuzito?

Hatua ya nne: kuhama kambi

Muda ukiruhusu, wanafunzi wawili wa kila kambi wahamie kambi nyingine, na mchezo wa siri urudiwe. Wahamiaji waeleze kama walifuata desturi ya kambi walikotoka au ya kambi walikofika.

Kazi ya nyumbani

Wanafunzi waulize wazee wao: ng'ombe au mbuzi akichinjwa nyumbani, sehemu gani ni ya nani, na kwa sababu gani? Majibu yataonyesha kwamba mfano wa Wahadzabe si habari ya watu wa mbali. Nchi hii yetu yenye msimu mmoja wa mvua imeona njaa kali, ikiwamo ile ya Mtunya iliyowapata Wagogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Mahali ambapo mvua ni ya bahati, jirani ni ghala.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, mwalimu asitumie chakula halisi. Wako watoto wanaokuja shule bila kula, na mtoto mwenye njaa akishika punje zake mbele ya darasa hafundishwi chochote ila aibu. Pili, asiulize kamwe nani ni mchoyo. Tatu, aeleze wazi kwamba kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ili mtoto asije akadhani amefundishwa kwenda vilima vya Kiboriani na mbwa. Nne, asiwataje Wahadzabe kama mabaki ya watu wa kale. Ni wananchi wenzetu wa leo, na wengi wao wamepunguziwa ardhi ya kuwindia na mashamba na mifugo ya majirani. Hilo nalo ni swali la kugawana.

Tathmini

Mtihani wa maandishi hautoshi. Kwa muda wa majuma mawili, mwalimu aangalie utaratibu waliojitungia wanafunzi unavyofanya kazi: jinsi wanavyopokezana vitabu vichache, zamu za kuchota maji, au foleni ya uji. Ukishindwa, darasa likae tena na kuurekebisha. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilitaka shule iwe mahali pa kuishi kwa ushirikiano, si pa kuusifu tu.

Hitimisho

Tangu siku ile nimeondoa swali la "mchoyo ni nani" katika kila andalio linalopita mezani kwangu. Msichana wa dawati la nyuma alikuwa akigawa fungu lake kila siku, naye alikuwa na kambi ya watu wawili tu. Alichokosa ni kambi iliyo kubwa zaidi, na kuijenga kambi hiyo ilikuwa kazi yetu sisi walimu.