Kidonge cha Chini ya Ulimi: Kutumia Projesteroni kwa Usalama Baada ya Kukoma Hedhi

Kabla hujafungua ukurasa wa pili, mama, nenda kalete dawa yako. Geuza pakiti usome maandishi madogo ya ubavuni. Kama pameandikwa kwamba kidonge huwekwa chini ya ulimi, kijitabu hiki ni chako. Kama ulicho nacho ni kapsuli laini yenye mafuta ndani, hiyo ilitengenezwa kumezwa, na mara nyingine daktari huelekeza iwekwe ukeni. Usiitoboe kwa pini wala kuing'ata ili mafuta yamwagikie chini ya ulimi. Wapo kina mama wanaofanya hivyo kwa kuambiana, wakisema dawa si ni ileile? Dawa ni ileile kweli. Njia ndiyo siyo.

Kwa nini uliandikiwa

Projesteroni ni homoni ambayo ovari huitoa baada ya yai kupevuka. Hedhi inapokoma, projesteroni na mwenzake estrojeni hupungua sana, na hapo ndipo linapokuja joto la ghafla, jasho la usiku linaloloanisha shuka na usingizi wa mang'amung'amu. Dawa inayotuliza hayo zaidi ni estrojeni. Tatizo ni kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake na mwanamke mwenye mfuko wa uzazi, hunenepesha utando wa ndani wa mfuko huo, na utando uliokaa ukinenepa unaweza kugeuka saratani.

Hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni peke yake walipata saratani ya utando huo zaidi ya wenzao. Takriban miaka 20 baadaye, utafiti mwingine wa huko uitwao PEPI ulifuatilia wanawake kwa miaka 3. Waliopewa estrojeni pekee, takriban 62 kati ya kila 100 walikutwa na unene usio wa kawaida. Waliochanganyiwa na projesteroni, utando wao ulifanana na wa wanawake ambao hawakupewa homoni yoyote.

Kwa hiyo projesteroni yako ni mlinzi. Kuiacha kwa sababu "inaniletea usingizi", huku ukiendelea na estrojeni, ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Mwanamke aliyeondolewa mfuko wa uzazi kwa kawaida haihitaji. Kama wewe ni mmoja wao na umeandikiwa, uliza sababu.

Mlango wa chini ya ulimi

Simama mbele ya kioo, inua ulimi. Utaona mishipa ya rangi ya samawati, mmoja kila upande. Ngozi ya hapo ni nyembamba, na dawa inayoyeyuka juu yake huingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Projesteroni iliyomezwa hukutana na utumbo na ini, ikavunjwavunjwa; inayofika kwenye damu ikiwa nzima ni chini ya sehemu 10 kati ya 100. Baadhi ya mabaki yake hulevya kwa usingizi, ndiyo maana kapsuli za kumeza hunywewa wakati wa kulala.

Ila kinachoingia haraka hutoka haraka. Kiwango hupanda na kushuka ndani ya saa chache, hivyo dozi moja kwa siku haitoshi kwa vidonge vya namna hii. Poland, kwa mfano, wana vidonge vya miligramu 50 vya chini ya ulimi, na kwa kawaida hutumiwa mara 3 hadi 4 kwa siku.

Hapa tuseme wazi. Ushahidi mzito wa kulinda mfuko wa uzazi umejengwa juu ya kapsuli za kumeza: miligramu 200 kila usiku kwa siku 12 hadi 14 za mwezi, au miligramu 100 kila usiku bila kuruka. Kwa vidonge vya chini ya ulimi, ushahidi wa aina hiyo ni haba. Usichukue namba za jirani yako anayemeza ukazihamishia kwenye kidonge chako. Na kama huna shida ya kumeza, ni haki yako kumuuliza daktari kwa nini hakukupa kapsuli.

Namna ya kukiweka

Nawa mikono. Sukutua kwa maji kidogo, kwa sababu mdomo mkavu huchelewesha kidonge kuyeyuka. Kaa kitako, weka kidonge nyuma ya meno ya chini, shusha ulimi, tulia. Usikimumunye kama peremende na usikitafune. Mate yatajaa, na hapo ndipo wengi hukosea: wanameza kila mara, na nusu ya dawa inaishia tumboni, ikipita njia ileile uliyotaka kuikwepa. Inamisha kichwa mbele kidogo, nyamaza, acha simu iite. Usile, usinywe kahawa wala usitafune tambuu au miraa mpaka kiishe kabisa. Kama una kidonda mdomoni, mwambie mfamasia kabla ya kuanza.

Dozi za kwanza zitumie siku ambayo huendeshi gari wala pikipiki, maana kizunguzungu na usingizi huja hata kwa njia hii, na pombe huongeza. Ukisahau dozi, itumie ukikumbuka. Ikiwa inayofuata iko karibu, ruka uliyosahau, usiweke viwili. Mwezi wa Ramadhani usijipangie ratiba mwenyewe: nenda kliniki mapema, kabla ya mfungo, daktari aone kama dozi zitaingia kati ya futari na daku au akubadilishie aina ya dawa.

Vidonge hivi haviupendi unyevu. Viache kwenye pakiti yake mpaka saa ya kutumia, mbali na bafu na dashibodi ya gari. Ukiletewa na ndugu kutoka Ulaya au Uarabuni ndani ya bahasha isiyo na jina la dawa, kiasi wala tarehe ya mwisho wa matumizi, mshukuru, kisha usivitumie.

Mwambie daktari kabla ya kuanza

Saratani ya matiti, damu iliyowahi kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi, ugonjwa wa ini, damu ukeni ambayo sababu yake haijajulikana: lolote kati ya haya linabadilisha uamuzi. Taja na dawa zako nyingine zote. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI na baadhi ya dawa za kifafa huufanya mwili uiondoe projesteroni upesi zaidi. Mwenye mzio wa karanga aseme pia, kwani baadhi ya kapsuli za kumeza zina mafuta ya karanga.

Kuna na krimu za "viazi vya mwituni" zinazouzwa kama projesteroni ya asili. Mkemia Mmarekani Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vya namna hiyo vya Meksiko miaka ya 1940, lakini aliifanya kazi hiyo kwa kemikali, kwenye maabara. Mwili wako hauwezi kuifanya.

Usisubiri miadi

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata, mdomo ukipinda au ulimi na midomo ikivimba, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Damu ni habari nyingine. Ukitumia projesteroni kwa siku kadhaa za mwezi, damu kidogo baada ya siku hizo inaweza kutarajiwa, na daktari atakuwa amekwambia. Damu nyingine yoyote, hata doa moja kwenye nguo baada ya miezi 12 bila hedhi, inatakiwa kupimwa. Ukifika, mwambie nesi hivi: "Nilikoma hedhi mwaka fulani, natumia estrojeni hii na projesteroni ya chini ya ulimi, mara kadhaa kwa siku, na damu nimeiona tarehe fulani." Kisha mkabidhi pakiti zote mbili.