SOMO LA 9: MPAKA WA SHAMBA NA MPAKA WA MTU

Wewe ni mkulima. Unajua mpaka wa shamba lako. Labda ni mti, labda ni jiwe, labda ni mstari wa minyaa. Huko Kilimanjaro Wachagga hupanda masale mpakani. Jani hilo hilo la sale hutumika kuomba msamaha. Mtu aliyekosana na jirani yake humpelekea sale. Basi mpaka si ugomvi. Watu waliowekeana mpaka wanaweza kupatana.

Mtu naye ana mpaka. Ndiyo maana tunapiga hodi. Tukipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, tunarudi. Lakini nyumbani, kwa ndugu, mpaka wa mtu ni mgumu kuuonyesha. Tuchukue mfano.

Mama Neema na mumewe wamevuna gunia 10 za mahindi. Nyumbani wapo watu 6. Wanamaliza gunia moja kwa mwezi mmoja na nusu. Mama Neema alichukua daftari lake la kisomo akapiga hesabu. Mwaka una miezi 12. Kwa hiyo chakula cha mwaka ni gunia 8. Zinabaki 2. Hizo ni za kuuza, wapate sare za watoto, chumvi na mafuta.

Mwaka uliopita mdogo wake Baba Neema alikuja. Alisema, "Shemeji, nikopesheni gunia mbili, nitarudisha." Walimpa. Hakurudisha. Mwezi wa Februari kihenge kilikuwa kitupu, na bei ya mahindi ilikuwa imepanda. Watoto walikunywa uji wa chumvi mara moja kwa siku. Mama Neema hakusema neno, ila moyoni alimchukia shemeji yake. Hata salamu yake ilimkera.

Unaona? Alikubali ili asiharibu undugu. Undugu ukaharibika vile vile, tena kimya kimya.

Mwaka huu alimwonyesha mumewe daftari. Baba Neema alisema, "Yule ni damu yangu. Nitamwambiaje?" Mama Neema hakumlaumu. Walihesabu pamoja mpaka mume akaiona Februari kwa macho yake. Wakakubaliana neno moja kabla mgeni hajafika. Hapo ndipo penye kazi kubwa. Mume akisema hapana, na mke akatoa debe kwa mlango wa nyuma, hapana mpaka.

Shemeji alipokuja alikaribishwa, akala, akanywa maji. Kisha Baba Neema akasema, "Mdogo wangu, mwaka huu hatukopeshi mahindi. Tumehesabu, yanatutosha sisi tu. Lakini debe moja tutakupa. Si mkopo, usirudishe."

Hakusema "hatuna." Kihenge kinaonekana, na mtu mzima akidanganywa anajua. Hakumtajia deni la zamani mbele ya watoto. Hakutoa sababu kumi pia. Ukitoa sababu nyingi, mwenzako atazijibu moja moja hadi uchoke.

Shemeji alikasirika. Alichukua debe lake, akaenda. Kwa wiki nne hakupita pale. Hizo wiki nne ndizo ngumu kuliko siku ya kukataa. Majirani walisema Mama Neema ana roho mbaya. Yeye aliendelea kumsalimu njiani. Mtoto wa shemeji alipougua, alikwenda kumwangalia. Lakini gunia hakupeleka.

Mipaka mingine imewekwa na sheria. Hiyo haingoji makubaliano yenu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mke wake au mume wake, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo pia inakataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Ukiletewa karatasi ukaambiwa, "Tia dole gumba hapa, haraka," usitie. Sasa unajua kusoma. Soma yote, au sema, "Niachie, nitaisoma hadi kesho." Anayekataa kukuachia karatasi amekwisha kukujibu.

Namba ya siri ya simu yako ya fedha ni hivyo hivyo. Haipewi mtu, hata mwanao mpendwa.

Na sisi tujitazame. Mara nyingi tunaona mpaka wetu ukivukwa, wa mwenzetu hatuuoni. Mama mkwe anayefungua sufuria za mkwewe, baba anayechukua fedha za mayai ya kuku wa mkewe bila kuuliza, nao wamevuka mpaka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Nyumba yenu ina watu wangapi? Gunia moja linawatosha kwa muda gani? Piga hesabu ya mwaka mzima.

2. Je, Mama Neema na mumewe wangempa shemeji debe, au wasingempa kitu? Wanaume na wanawake waseme maoni yao.

3. Shemeji akirudi mwakani na gunia moja la deni la zamani, wamjibu nini?

4. Andika katika daftari sentensi moja ya kumkatalia ndugu bila kumtukana. Msomee jirani yako. Yeye ajibu kama ndugu aliyekasirika, nawe usome tena sentensi ile ile.