Kuchagua Matairi Mapana ya Kuvunia Mpunga Penye Matope

Mvua zinapoelekea kwisha, mwezi wa Mei, mpunga wa Kilombero na Usangu huiva ilhali majaruba mengi bado ni tope. Kusubiri nako kuna gharama: mpunga uliokomaa hupukutika, mabua hulala, na ndege hujipatia sehemu yao. Ndipo mwenye kombaini, au kikundi kilichoinunua kwa mkopo, huambiwa dukani kwamba dawa ya kukwama ni tairi pana. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo inayoamua iwapo fedha za mnunuzi zimefanya kazi, nayo inahusu upepo.

Mzigo wa mashine hubebwa hasa na upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa hiyo, nguvu ambayo tairi hukandamizia udongo hukaribiana na kiwango cha upepo huo. Tuchukue gurudumu la mbele linalobeba kilo 6,000. Likijazwa upepo wa PSI 35, litagusa ardhi kwa eneo la takriban sentimita za mraba 2,400. Likijazwa PSI 23, eneo hilo hufika kama 3,700, na uzito uleule husambaa zaidi. Tairi jembamba haliwezi kubeba mzigo huo kwa upepo mdogo bila kuumia. Tairi pana linaweza. Hiyo ndiyo faida unayoilipia. Anayenunua tairi pana kisha akalijaza upepo hadi likawa gumu kama la lori atazama karibu sawa na jirani yake.

Upepo huo haukisiwi kwa kupiga tairi teke. Mtengenezaji wa tairi hutoa jedwali linaloonyesha kila mzigo na upepo wake, na muuzaji makini atakuwa nalo. Mzigo wenyewe uhesabiwe tangi la nafaka likiwa limejaa: tangi la lita 5,000 hubeba karibu tani tatu za mpunga, na sehemu kubwa ya uzito wa kombaini hulemea ekseli ya mbele. Hata hivyo, udongo wa chini kabisa hushindiliwa na uzito wa jumla wa ekseli, hata tairi liwe pana namna gani. Penye tope baya, ni busara kumwaga mpunga tangi likifika nusu.

Maandishi ya ubavuni yasomwe kabla ya bei. Alama 800/65R32 172A8 ina maana hizi: upana wa milimita 800, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, R ni muundo wa radiali, ringi ni ya inchi 32, 172 ni uwezo wa kubeba kilo 6,300, na A8 ni mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa. Tazama pia alama ya meno. R-1 ni ya kawaida, R-1W ina meno marefu kidogo, na R-2, iliyokusudiwa mashamba ya mpunga na miwa, ina meno yenye kina karibu mara mbili ya R-1. Muuzaji atakusifia R-2, na shambani sifa hizo ni za haki. Lakini mwenye kukodisha mashine, anayesafiri kijiji hadi kijiji kwa barabara ya changarawe, ataona meno hayo yakiliwa upesi. Kwake tungependelea R-1W.

Gurudumu pana huja na madai mengine. Huenda likahitaji ringi mpya, na likitokeza nje kupita kiasi huongeza mzigo kwenye beringi na ekseli. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba mtengenezaji wa mashine ameruhusu kipimo hicho. Kisha pima kwa futi vivuko vya mifereji na njia za skimu yenu; mashine isiyoweza kuvuka mfereji haina faida hata ikielea juu ya tope.

Yapo majaruba ambayo tairi lolote halifai. Chomeka fimbo sehemu kadhaa. Ikigota kwenye tabaka gumu karibu na juu, tairi pana litatosha. Ikiendelea kuzama kwa urahisi hadi magotini, kodisha kombaini ya minyororo ya mpira. Na kabla ya kununua chochote, jiulize kama maji yanaweza kufungwa mapema: kukausha jaruba siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kuvuna, pale mifereji inaporuhusu, hugharimu kidogo kuliko tairi moja.

Kwa matairi yaliyotumika, tunasisitiza uangalifu. Chunguza nyufa katikati ya meno na mbavuni, tia mkono ndani utafute viraka, kisha tafuta tarakimu nne za tarehe, ambazo matairi mengi huwa nazo: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Rangi nyeusi inayong'aa inaweza kuwa imepakwa juzi. Hakikisha risiti imeandikwa kipimo kamili, uwezo wa kubeba, tarehe hiyo ya kutengenezwa na masharti ya dhamana, na isainiwe kabla matairi hayajapakiwa garini.