Motokaa Mpya kutoka Motokaa Kuukuu

Wasomaji wetu, hasa ninyi mnaopenda kuchungulia chini ya boneti kila motokaa isimamapo mbele ya shule, somo la leo ni lenu. Walakini hata yule asiyejua spana ni kitu gani asifungue ukurasa mwingine, maana humu mna hesabu na fizikia mnazofundishwa darasani, nami nataka mzione zikifanya kazi nje ya darasa.

Huko Uingereza wako watu wengi wanunuao motokaa kuukuu wakaichinja, kama mafundi wetu wasemavyo, yaani wakaifungua yote vipande vipande. Kisha kwa injini yake, gia boksi yake, ekseli yake na usukani wake hujiundia motokaa nyingine kabisa, ndogo na nyepesi, katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Wengine hununua fremu na bodi kutoka kiwandani, zikaletwa katika masanduku. Wengine hata fremu huiunda wenyewe. Tena wengi wao si mafundi wa kazi. Huyu ni karani, yule ni mwalimu, yule wa tatu amestaafu kazi ya posta.

Desturi hii ina miaka mingi. Kiwanda cha Austin kilianza kuuza motokaa ndogo iitwayo Austin 7 mwaka 1922, kikaendelea nayo hata 1939, na jumla yake zilikuwa kama 290,000. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilizobaki zilikuwa zimechakaa, bei yake ndogo, na vijana wasio na fedha wakazigeuza motokaa za mashindano. Mmoja wa vijana hao alikuwa Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi mjini London. Mwaka 1948 alichukua Austin 7 kuukuu, akaivua bodi, akaivika nyingine aliyoiunda mwenyewe, na kazi yote aliifanya katika kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Miaka minne baadaye alikuwa na kampuni yake, Lotus, na mwaka 1957 akatoa motokaa iitwayo Lotus Seven, ambayo mteja aliweza kuinunua ikiwa vipande na kuiunganisha nyumbani.

Kwa nini vipande? Sababu ilikuwa kodi. Serikali ya Uingereza ilitoza kodi kubwa juu ya motokaa mpya iliyokamilika, lakini vipande visivyounganishwa havikutozwa. Sheria ilikataza muuzaji asimpe mnunuzi maelezo ya kuunganisha. Basi husimuliwa kuwa Chapman alimpa mnunuzi maelezo ya kufungua motokaa, naye mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo! Kodi ile iliondolewa mwaka 1973 na nyingine ikashika mahali pake. Mwaka huohuo Lotus iliwauzia watu wa Caterham haki ya kuitengeneza Seven, nao wangali wakiitengeneza.

Mwaka 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kuunda motokaa ya namna ya Seven kwa fedha kidogo mno, na motokaa ya kuchinjwa aliyoichagua ilikuwa Ford Escort ya zamani. Escort hiyo si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1972, ikiendeshwa na Hannu Mikkola, mara ya kwanza dereva kutoka ng'ambo kushinda mbio zile. Na mwaka 1977 ikashinda tena na Björn Waldegård.

Sifa yake kwa kazi yetu si ushindi, bali ni jinsi ilivyopangwa. Injini imelala kwa urefu, nyuma yake gia boksi, kisha propela, kisha ekseli ya nyuma yenye difu ndani yake. Kila kitu kiko katika mstari mmoja, nawe waweza kukihamisha kama kilivyo katika fremu nyembamba. Motokaa nyingi za siku hizi zavutwa kwa magurudumu ya mbele, na injini yake imekingama, kwa hiyo haifai kwa umbo hili. Escort za namna ile zilikoma kutengenezwa mwaka 1980, sasa ni adimu na bei yake imepanda, ndipo watu wakageukia Ford Sierra na baadaye Mazda MX-5.

Bodi ikiwa imeliwa na kutu, si neno, utaitupa. Lakini kabla ya kushika spana, washa injini uisikilize, maana injini mbovu ni rahisi kuijua ingali mahali pake kuliko ikiwa chini sakafuni. Kisha mwaga petroli na mafuta, piga picha ya kila sehemu, na kila nati itie katika mkebe wenye jina lake. Tena usidiriki kuchoma tangi lililowahi kutiwa petroli, hata kama lina mwaka mzima limekaa tupu. Mvuke uliobaki ndani walipuka kama bomu.

Sasa tuje kwenye fremu, ambayo ndiyo roho ya kazi. Huundwa kwa mabomba ya chuma ya pembe nne, upana wake milimita 25, na unene wa chuma chenyewe milimita 1.6 tu. Mtu akiyatazama huuliza, mabomba membamba hivi yatabebaje injini na watu wawili? Jibu mwaweza kulipata leo jioni. Chukueni vijiti vinne vilivyo sawa, mvipigilie msumari mmoja mmoja penye pembe vifanye mraba. Sukumeni pembe moja: mraba walala upande kama kibanda kilichooza nguzo. Sasa pigilieni kijiti cha tano kutoka pembe hii hata pembe inayoikabili. Sukumeni tena. Haulali. Mmeugawa mraba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo lake mpaka mmoja wa mbavu zake urefuke, ufupike au ukatike. Fremu nzima ni pembetatu juu ya pembetatu, na kila bomba kazi yake ni kuvutwa au kusukumwa kwa urefu wake, si kupindwa. Ndiyo maana bomba jembamba latosha.

Kuchomea ndiko kuliko na hatari. Nilipokuwa masomoni kule nilipanga chumba jirani na mzee mmoja aliyekuwa akiunda motokaa ya namna hii, naye aliniruhusu kumsaidia jioni. Mabomba tuliyapanga juu ya ubao mpana uliochorwa mistari, tukayashika kwanza kwa madoa madogo ya moto, bila kumaliza kiungo hata kimoja. Chuma kipoapo hunywea, nacho hulivuta bomba upande wake. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, fremu hujipinda, na motokaa itakwenda kombo siku zote za maisha yake. Yatupasa kuchoma huku kidogo, kisha kule kidogo, kwa zamu.

Baada ya majuma matatu nilijiona fundi. Mzee akanipa kuchomea vishikio vinne vya fimbo zinazoishika ekseli ya nyuma. Nilivichomea, na mishono yake ilikuwa laini, imelala sawasawa kama ushanga. Nilijivuna kidogo. Yeye hakusema kitu. Aliniambia nichukue vipande viwili vya chuma kilekile, nivichomee kwa moto uleule niliotumia, kisha akavibana katika jiliwa na kunipa nyundo. Pigo la pili tu, mshono wangu ule mzuri ulibanduka wote kama ganda la chungwa, na chuma cha chini kiking'aa bila alama. Moto ulikuwa mdogo mno. Chuma kilichoyeyuka kilikaa juu bila kuingia ndani. Mshono mwema ukipigwa hivyo, huraruka chuma kilicho kando yake, mshono wenyewe usibanduke.

Fikirini kishikio kile kingalibanduka barabarani. Ekseli ingalikwenda kombo, na gurudumu pamoja nayo, watu wawili wakiwa wameketi hapo mbele yake bila hata mlango wa kuwakinga. Tulivikata vyote vinne kwa msumeno wa chuma, tukasaga kwa tupa hata chuma kikawa safi, na jioni tatu zikapotea. Sikuruhusiwa kugusa kishikio kingine mpaka vipande vyangu vitano mfululizo vimeishinda nyundo ya mzee.

Propela hatukuikata wenyewe. Ilipasa kufupishwa, na chuma kizungukacho mara maelfu kwa dakika, kikiwa kizito upande mmoja hata kidogo, hutikisa motokaa nzima; kwa hiyo tuliipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kuisawazisha. Nyaya za umeme, rejeta na tangi sina haja ya kuzieleza. Zataka subira tu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni hili: vitu vyote vilivyotoka katika motokaa ya kwanza vilipimwa kwa uzito wa motokaa ile. Tuseme ile ilikuwa na kilo 900, na hii mpya ina kilo 540, na injini ni ileile yenye nguvu za farasi 60. Zamani kila farasi alivuta kilo 15. Sasa avuta 9. Hapo ndipo penye furaha ya motokaa hizi, maana hukimbia kama swala bila kuongezwa nguvu yoyote.

Lakini tazameni springi. Tuseme uzito wagawanyika sawa juu ya magurudumu manne. Springi iliyobeba kilo 225 ikashuka sentimita 10, ikipewa kilo 135 hushuka 6 tu. Basi motokaa yakaa juu kwa sentimita 4 zaidi, kinyume cha tulivyotaka. Si hilo tu, bali hata mtikiso wake wabadilika. Hesabu ya springi yasema wepesi wa mtikiso hufuata kipeuo cha pili cha ugumu ukigawanywa kwa uzito. 900 kwa 540 ni kama 1.67, na kipeuo chake ni kama 1.29. Maana yake, pale ilipotikisika mara 4 sasa itatikisika zaidi ya mara 5, na gurudumu litaruka juu ya kila jiwe. Gurudumu lililo hewani haliwezi kukata kona wala kufunga breki. Kwa sababu hiyo springi na shokabsoba hununuliwa nyingine zilizo laini, hata kama zile za kwanza zilikuwa mpya.

Na breki je? Mtu atasema zilizotosha kilo 900 zitatosha kilo 540. Ni kweli, mwendo ukiwa uleule. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Motokaa ya kilo 900 ikienda mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa, ina jouli 180,000. Ile ya kilo 540 kwa mwendo huo ina 108,000. Haya, mwenye motokaa nyepesi akilewa wepesi wake akafika mita 30 kwa sekunde, ana jouli 243,000! Uzito umepungua karibu nusu, walakini mzigo wa breki umepita ule wa kwanza.

Serikali ya Uingereza haimwachi mtu atoke kibandani moja kwa moja hata barabarani. Tangu 1998 motokaa iliyoundwa na mtu binafsi hukaguliwa moja moja: breki, usukani, taa, mikanda, makelele, hata saa ya mwendo isije ikaonyesha pungufu. Mahali popote pa nje panapoweza kumgusa mtu mwenye kwenda kwa miguu hapatakiwi pawe na ncha kali; ukingo wapasa uwe wa mviringo, nusu-kipenyo chake milimita mbili na nusu. Motokaa yetu, baada ya miezi kumi na minane ya kazi, ilirudishwa kwa ajili ya vichwa vya bolti sita vilivyotokeza karibu na taa za mbele. Tulivifunika kwa vikofia vya plastiki, tukarudi, ikapita.

Kisha ikaja namba. Motokaa iliyokusanywa kwa vipande visivyojulikana umri wake hupewa namba inayoanza na herufi Q, na wengi hawaipendi kwa kuwa yatangaza kwamba haina ukoo. Mzee alikuwa ametunza kila stakabadhi na hati ya Escort yake, tangu siku ya kuichinja, akitumaini kuiepuka, lakini akapewa Q vilevile. Alicheka, akaipaka rangi ya kijani, na Jumamosi ya kwanza tukatoka sote wawili, mvua ikitunyea maana paa alikuwa bado hajaliunda.

Kwa wanafunzi wa kidato cha tatu: siku ile motokaa ilikuwa na kilo 540, nasi wawili pamoja tulikuwa na kilo 150. Mahali pamoja penye barabara iliyonyoka tulifika kilometa 90 kwa saa. Breki zilikuwa na jouli ngapi za kumaliza mpaka tusimame? Na je, ni zaidi au pungufu ya zile 180,000 za motokaa ya kwanza?