Usichume Pamba kwa Gunia la Nailoni

Mkulima, kazi yako ya msimu mzima yaweza kuharibika siku ya kuchuma pamba. Nyuzi za gunia la nailoni hukatika na kuingia ndani ya pamba. Kiwandani ni vigumu sana kuzitoa, na kitambaa kikitiwa rangi, nyuzi hizo hazishiki rangi ile. Kitambaa kitakuwa na kasoro, na jina la pamba yetu litaharibika kwa wanunuzi.

Fanya hivi: Ngoja umande ukauke. Chuma vitumba vilivyopasuka vizuri tu. Uwe na mifuko miwili ya kitambaa cha pamba: mmoja wa pamba safi, mwingine wa pamba yenye madoa. Usichanganye, maana pamba chafu kidogo hushusha daraja la pamba yote.