Wajibu wa Mwenye Duka Wakati wa Janga

Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha Korona tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye, Mamlaka ya Ushindani iliagiza duka moja kubwa liwarudishie wateja pesa kwa kupandisha bei ya sanitaiza. Kitui nako, KICOTEC, kiwanda cha nguo cha kaunti, kiligeukia kushona barakoa.

Wajibu wa mwenye duka hauishii kwenye bei. Mfanyakazi anayekohoa aruhusiwe kukaa nyumbani bila kukatwa mshahara. Hilo ndilo gumu, hasa kwa biashara ndogo. Lakini kibarua anayejua atakosa ujira wa siku ataificha homa, aje kuwahudumia wateja. Mnunuzi naye adai risiti na kuihifadhi, kwani ndiyo ushahidi wa bei aliyotozwa.